Barua ya wazi: Msiuze bwawa la nne na la tano

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira ya mji wetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi,
Mkurugenzi wa Halmashauri,
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya.

YAH: PENDEKEZO LA KUFUKIA MABWAWA MAWILI YA MWISHO YA MAJITAKA NA KUPIMA VIWANJA

Waheshimiwa viongozi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika hadharani kwa sababu barua yangu ya kwanza, ile ya bahasha, ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na habari zake zikakomea hapo. Jina la mji nimeliacha makusudi. Miji yenye mabwawa ya majitaka nchini ni mingi, kuanzia Mafisa kule Morogoro hadi Swaswa ya Dodoma na Vingunguti ya Dar es Salaam, na nisingependa wakubwa wa mji mwingine waisome hii wakajiona hawahusiki.

Mimi ni fundi sanifu maabara mstaafu. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nachota maji ya mabwawa yetu kwa chupa, nayapima, naandika kwenye daftari. Watoto wangu walikuwa wakiambiwa shuleni kuwa baba yao anafanya kazi ya kinyesi, na kweli ndiyo iliyowasomesha. Kwa hiyo msinisome kama mwanaharakati. Nisomeni kama mtu anayeidai nchi yake jambo moja dogo ambalo analijua vizuri.

Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa wadau, ilibandikwa ramani ukutani. Mahali pa bwawa la nne na la tano palikuwa na vijisanduku vyekundu 32, kila kimoja kiwanja. Kijana aliyewasilisha, mwenye adabu zake na anayejua kuongea, alisema mabwawa hayo mawili hayana kazi kubwa. Hayanuki. Maji yanayoingia ni ya kijani na yanayotoka ni ya kijani. Uchafu wote, alisema, umeshashughulikiwa na mabwawa ya mbele, na ardhi ya mjini ni mali. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikanyoosha mkono, mwenyekiti akaangalia saa, chai ikaletwa.

Kuhusu macho na pua, kijana yule alisema kweli tupu. Maji ya bwawa la tatu na ya bwawa la tano ukiyaweka kwenye glasi mbili, hata mimi siwezi kukuambia lipi ni lipi. Tofauti inaonekana siku ya pili, kwenye visahani vya maabara. Kisahani cha maji ya bwawa la tatu kinajaa madoa ya bakteria mpaka huwezi kuhesabu bila kuyachanganya maji yale na maji safi mara mia. Kisahani cha bwawa la tano, siku njema, nilikuwa nahesabu madoa kwa vidole.

Naomba niwatembeze kidogo, maana wengi wenu mmefika pale siku za ugeni tu, na siku za ugeni huwa tunasimama upande upepo unakotokea.

Bwawa la kwanza ndilo jeusi. Lina kina cha mita nne, halina hewa, na maji yanakaa humo kama siku moja tu. Kazi yake ni kuzamisha vizito na kuviozesha. Bwawa la pili ni kubwa kuliko yote, kina chake mita moja na nusu, maji yanakaa siku tano. Juu ni kijani, chini ni tope. Mabwawa haya mawili ndiyo yanayoua harufu. Ndiyo yanayomridhisha mkaguzi anayeuliza oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu. Ukiishia hapo, maji hayanuki tena na mtu mgeni anaweza kudhani kazi imekwisha. Lakini uchafu kuoza ni jambo moja, vijidudu vya maradhi kufa ni jambo jingine, na mabwawa ya tatu, ya nne na ya tano yalichimbwa kwa ajili ya hilo la pili. Wahandisi huyaita mabwawa ya kukomazia. Sisi tulikuwa tunayaita "hospitali", ingawa kinachofanyika humo ni mauaji.

Muuaji mwenyewe ni mwani. Ile rangi ya kijani si uchafu, ni viumbe hai, mamilioni kwa kila kijiko, wengi wa jamii ya Chlorella na Euglena. Jua likipanda wanaanza kula hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini. Bakteria wanaoozesha mabaki wanaendelea kuitoa, ila kuanzia saa nne asubuhi mwani unaila upesi kuliko inavyotoka. Ikiadimika, mwani unainyofoa kutoka kwenye bikaboneti ya maji, na maji yanabaki na ukali wa magadi. Daftari langu limejaa mwenendo huo, kwa pH, kipimo kinachopanda kadiri ukali wa magadi unavyozidi: saa mbili asubuhi pH ya 7.6, saa nane mchana ya siku ya jua kali 9.4, usiku inarudi chini. Bakteria wa kinyesi wamezoea utumbo wa binadamu, palipo na joto, giza na pH ya wastani. Wakiwekwa kwenye maji ya 9.4 hawachukui muda.

Na si magadi tu. Mwani huo huo unatoa oksijeni, nyingi kiasi kwamba mchana maji yanabeba kuliko yanavyoweza kushika, na ukichovya chupa unaona vipovu vinapanda. Mwaka 1992 Curtis, Mara na Silva walichapisha utafiti uliotufungua macho sisi watu wa maabara. Walionyesha kuwa mwanga wa jua peke yake haufanyi mengi ndani ya maji ya bwawa. Unahitaji oksijeni. Mwanga ukizipiga zile chembechembe za rangi ya chai zilizomo kwenye majitaka, na oksijeni ikiwepo, zinazaliwa aina za oksijeni zenye sumu zinazotoboa ngozi ya bakteria. pH ikiwa juu wakati huo huo, bakteria aliyetoboka hana tena namna ya kujikinga. Jua, oksijeni na magadi, vyote kwa mpigo, bila kununua hata kopo moja la dawa.

Sasa muone kwa nini mabwawa ya mwisho yana kina kifupi na maji mepesi. Mwanga hauendi mbali ndani ya maji ya kijani. Bwawa la pili bado lina uchafu mwingi unaonyonya oksijeni na kuzuia mwanga, kwa hiyo mauaji yake ni ya juu juu. Ni mpaka maji yafike la tatu, la nne, la tano, yakiwa mepesi na uchafu ukiwa umepungua, ndipo zile silaha tatu zinafanya kazi sawasawa. Mnataka kuvifukia vyumba ambavyo ndani yake dawa inakolea.

Kuna msemo kwamba karatasi haikatai kitu, basi na mimi niandike hesabu yangu kwenye karatasi. Kanuni niliyoitumia ni ya mhandisi Gerrit Marais wa Afrika Kusini, ya mwaka 1974, na wahandisi wenu wanaifahamu. Inasema kila bwawa linaigawa idadi ya bakteria wa kinyesi kwa namba moja: chukua kasi ya kufa kwa siku, zidisha kwa siku ambazo maji yanakaa humo, ongeza moja. Maji yakiwa na nyuzi 20 za joto kasi hiyo ni 2.6. Kila nyuzi moja ikiongezeka, kasi inazidishwa kwa 1.19, kwa hiyo kwenye nyuzi 25 inafika 6.2.

Tuanze na majitaka mabichi yenye bakteria wa kinyesi milioni 50 kwa kila mililita 100, jambo la kawaida kabisa. Bwawa la kwanza siku moja, la pili siku tano, na yale matatu ya mwisho siku nne nne. Kwenye miezi ya joto, maji yakiwa nyuzi 25, yanatoka bwawa la pili yakiwa na bakteria kama 217,000. Bwawa la tatu linawapunguza hadi 8,400. La nne, 330. La tano, 13.

Njooni Julai. Sisi ni watu wa nyanda za juu, Julai mnavaa makoti ofisini, na maji ya mabwawa yanashuka hadi nyuzi 20. Hesabu hiyo hiyo: kutoka bwawa la pili 990,000. Kutoka la tatu 87,000. Kutoka la nne 7,600. Kutoka la tano 670.

Kanuni zetu za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinaruhusu koliformu, kundi la bakteria ambamo hawa wa kinyesi wamo, 10,000 kwa mililita 100 kwenye maji yanayoachiwa kwenda mtoni. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 1989, liliweka bakteria wa kinyesi 1,000 kwa maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi, pamoja na yai lisilozidi moja la minyoo kwa lita. Mwongozo wa 2006 ulibadili namna ya kuhesabu, ukataka kinga ya hatua kwa hatua kuanzia bwawani hadi jikoni, ila haukusema mtu ale kachumbari ya 87,000. Pendekezo lenu likipita, bwawa la tatu likabaki peke yake, Julai tutakuwa tunauachia mto maji yanayozidi kiwango cha serikali karibu mara tisa. Na hiyo ni hesabu ya karatasi, karatasi ambayo haina tope wala upepo. Bwawani mambo huwa mabaya zaidi.

Niliposimulia haya kwa rafiki yangu mhandisi, akasema basi tulipanue bwawa la tatu liwe la siku 12, tuokoe kuta na njia, tupate viwanja vichache. Nikampa kalamu. Bwawa moja la siku 12, kwenye nyuzi 20, linatoa kama 30,800. Matatu ya siku nne nne, maji yale yale, siku zile zile 12, yanatoa 670. Ndani ya bwawa moja kubwa kuna maji yanayoingia leo na kutoka kesho kwa kukata njia. Ukiyagawa, yaliyokata njia kwenye la tatu yanakamatwa kwenye la nne. Ukuta wa udongo kati ya bwawa na bwawa una thamani kuliko ekari.

Kuhusu kipindupindu nina neno la peke yake, kwa sababu hapo ndipo watu wanachanganya. Kimelea chake kinapenda magadi. Maabara tunapomtafuta, tunamwotesha kwanza kwenye maji ya peptoni, chakula cha bakteria, yenye pH ya 8.6 ili wenzake wafe yeye abaki. Kwa hiyo ile silaha ya magadi kwake ni nusu tu. Anayemmaliza ni bwawa la kwanza, lile jeusi mnalolionea haya, kwa gesi ya salfaidi inayotoka humo, ile ya harufu ya yai bovu. Utafiti uliofanyika kaskazini mashariki mwa Brazili na kuchapishwa mwaka 1993 ulionyesha hivyo. Lakini masharti yake ni kwamba maji yakae humo siku nzima. Na bwawa letu la kwanza halikai na maji siku nzima tena.

Hapa ndipo ninapowalaumu, na najilaumu na mimi, maana nilikuwepo. Bwawa la kwanza linatakiwa kutolewa tope kila linapofikia theluthi. Letu lilifika theluthi, likafika nusu, likaota nyasi. Kuna kisiwa katikati na nimewahi kuona mbuzi juu yake, akila kwa raha zake. Siku moja ya kukaa maji imekuwa saa kumi na mbili, pengine pungufu. Magari ya kunyonya vyoo, yakikuta la kwanza limejaa, yanamwaga tope kinyesi moja kwa moja kwenye la pili, usiku, mlinzi akitazama pembeni. Tope hilo ni kali mara nyingi kuliko majitaka ya bomba. Mwaka mmoja bwawa la pili liligeuka zambarau. Wageni walipiga picha wakidhani ni maajabu. Ile rangi ilikuwa ya bakteria wa salfa wanaojaa pale mwani unapozidiwa na uchafu na kufa. Niliandika taarifa ya ukurasa mmoja na majibu niliyopewa ni kwamba rangi itaondoka yenyewe mvua zikianza. Iliondoka. Wiki zote zile, kilichookoa mto ni bwawa la tatu, la nne na la tano.

Mayai ya minyoo nayo hayauliwi na mwani. Yanazama. Ya mchango na ya safura yanashuka chini kwenye tope la mabwawa ya mwanzo, na maji yakikaa siku nane hadi kumi kwa jumla, yaliyobaki juu ni machache. Klorini haiwezi kazi hiyo, maana ganda la yai la mchango ni gumu na haliogopi kipimo chochote tunachoweza kugharamia. Nasema hivi kwa sababu kwenye mkutano ule kulikuwa na ahadi kwamba "tutaweka klorini" mwishoni mwa bwawa la tatu. Mkiweka klorini kwenye maji yaliyojaa mwani, klorini nyingi inapotea kwa mwani wenyewe kabla ya kumfikia kijidudu. Mtakuwa mnanunua dawa ya kumpiga muuaji wenu. Halafu wakati wa kutoa tope, mayai yale yamo humo bado, na yanaishi miaka. Tope lisiende shambani hivi hivi. Lianikwe, ligeuzwe, lisubiri.

Nimesikia pia hoja ya mtambo wa kisasa wa umeme, kwamba mabwawa ni teknolojia ya wazee na mji unaokua unahitaji mashine. Sina ugomvi na mashine. Mahali ambapo ardhi haipo kabisa na fedha za umeme zipo, mashine ni jibu la heshima. Ila mtambo wa kuchochea hewa umetengenezwa kuozesha uchafu. Bakteria unawapunguza mara kumi, mara mia ukiwa umetunzwa, na ili uwamalize lazima uongezewe hatua nyingine nyuma yake. Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, viumbe wake wanaanza kufa. Mabwawa yetu hayajawahi kulipa bili ya umeme hata siku moja, jua halina mgao. Na kama ni suala la aibu ya uzee, Melbourne kule Australia wanaoshughulikia majitaka Werribee tangu 1897 mpaka leo wana mabwawa makubwa yanayohudumia karibu nusu ya mji, na watu wanalipa nauli kwenda kuangalia ndege.

Ardhi. Najua ndilo hasa. Mabwawa hayo mawili na kingo zake ni ekari nne hivi, na mji umeyafuata hadi kwenye uzio. Sikatai kwamba ekari nne pale ni fedha. Naomba tu mwatazame jirani zetu wa Nairobi. Mabwawa yao ya Ruai, yale yanayoitwa ya Dandora, ni miongoni mwa makubwa kabisa Afrika na yanapokea sehemu kubwa ya majitaka ya jiji. Ardhi iliyotengwa pale kwa ajili ya kuyapanua ilimegwa miaka na miaka, watu wakajenga, na mwaka 2020 serikali ya Kenya ikatangaza kuirudisha, maelfu ya ekari, kwa mabuldoza na machozi. Aliyenunua kwa nia njema alilia, na aliyemuuzia alikuwa keshaondoka. Hapa kwetu atakayenunua kiwanja namba 17 juu ya bwawa la tano ni mwalimu au nesi aliyekopa SACCOS. Siku mji utakapohitaji tena lile bwawa, na utalihitaji, mtamwambia nini? Acha hilo. Ardhi iliyofukiwa juu ya tope la majitaka inatitia. Nyumba zitapasuka kabla ya hati kutoka.

Sasa wakulima. Kila kikao kinachohusu mabwawa lazima mtu asimame aseme wakulima wa bondeni wafukuzwe, mboga zao zinaleta magonjwa. Mimi huwa nakaa kimya kwa heshima, lakini leo niseme. Mama zetu wa bondeni wanamwagilia mchicha, matembele na chainizi kwa maji ya mfereji wetu kwa sababu ndiyo maji pekee yasiyokauka Septemba, na yana rutuba kuliko mbolea ya duka. Wametulisha mji huu mzima, pamoja na wanaotaka wafukuzwe. Mkifukia mabwawa mawili, hawataacha kulima. Watamwagilia maji ya bwawa la tatu badala ya la tano, bila kuambiwa na mtu, na mchicha wa Julai utakuja sokoni na bakteria zaidi ya mara mia ya ilivyo leo. Hakuna ishara sokoni itakayosema hivyo. Utajua kwa mtoto anayeharisha.

Mmoja wao, mama niliyezoea kumwamkia shikamoo kila asubuhi nikienda kuchota sampuli, aliniuliza mwaka ule wa mlipuko, mlipuko ulioanza Agosti 2015: "Mwanangu, haya maji ni mazuri au mabaya?" Nilimjibu, "Ya mfereji huu wa mwisho, mama, si ya kunywa, lakini kwa mboga utakazopika si mabaya. Ya kule juu usiyaguse." Akachimba mfereji wake upya, mita karibu mia mbili, kwa jembe, ili achukue ya mwisho. Mwanamke huyu alielewa mabwawa ya kukomazia kwa sentensi moja. Kwa hiyo siamini kwamba Bodi itashindwa.

Ninachoomba ni hiki. Ramani ile irudi mezani na ile sehemu ya viwanja 32 ifutwe, ardhi yote ya mabwawa ipimwe na iwe na hati yake kwa jina la mamlaka, ili mkurugenzi ajaye asianze tena. Kiangazi hiki, kabla ya vuli, bwawa la kwanza litolewe tope. Hilo ndilo linalohitaji fedha, na linazihitaji sasa hivi. Magari ya kunyonya yajengewe vitanda vya kuanikia tope kinyesi, yasiende bwawani kabisa. Kwenye bwawa la tatu ziwekwe kuta mbili za kuyalazimisha maji yazunguke. Maturubai na nguzo za miti vinatosha kwa kuanzia, tulishawahi kuzichora. Magugu maji yanayoanza kuotea pembeni ya la tano yang'olewe kila wiki, kwa sababu yakifunika uso mwani unakosa jua, pH haipandi, na mbu wanapata nyumba. Wakulima wapewe toleo rasmi la kuchotea maji, la zege, mwisho wa bwawa la tano tu, na bwana afya akae nao asubuhi moja kuwaeleza juu ya kuacha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna.

Na vipimo. Sampuli zichukuliwe kila mwezi, na si asubuhi peke yake wala si siku za ugeni peke yake, zipimwe bakteria wa kinyesi na mayai ya minyoo, si uchafu unaooza tu. Matokeo yabandikwe getini. Nilipokuwa kazini kipima oksijeni kiliharibika, nikaandika ombi la kingine, nikastaafu nikilingoja. Nasikia bado.

Najua mna mambo mengi. Mabomba yanapasuka, bili hazilipwi, kila mtu anawapigia simu nyinyi. Mabwawa hayapigi simu. Ndiyo maana yanakuwa ya kwanza kuuzwa.

Kwa hiyo nawaalika. Chagueni siku ya jua, mje saa nane mchana na si asubuhi, bila msafara, na mmoja wenu ashike kipima pH, hata kile cha karatasi za rangi. Tuanzie mwisho wa bwawa la tatu, twende mpaka mwisho wa la tano, tukichota kwenye kila toleo. Nitawaletea visahani, na majibu nitawapelekea ofisini siku itakayofuata kwa mkono wangu. Mlinzi wa getini ananifahamu. Mkifika kabla yangu mwambieni mmemfuata mzee wa chupa, atawafungulia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu maabara mstaafu

Nakala: Ofisa afya wa kata, mwenyekiti wa wakulima wa bondeni, ubao wa matangazo, soko la mboga.